Baba Yako Alikufa kwa Ugonjwa Gani?

Mimi ni mtu wa kuuliza. Wateja wangu wanalijua hilo: ukiniletea kitenge nikushonee, kabla sijakupima kiuno nimeshajua unaenda harusi ya nani na mahari imefikia wapi. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyojitetea. Lakini siku nilipoulizwa mimi, mambo yaligeuka.

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa asiransi, mwenye miwani na sauti ya upole, anayepita kwenye maduka ya huku karibu na Petite Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, akiandikisha watu. Si mituweli, ile ya kutibiwa. Yake ni asiransi ya maisha: unalipa kila mwezi, na ukifa, watoto wako wanapewa pesa. Mimi nina mabinti wawili shuleni, baba yao ametangulia mbele ya haki, na mashine yangu haijui kushona yenyewe. Nikifa leo, shule yao inakufa kesho. Nikamwambia, kaa hapo, toa karatasi zako.

Maswali yake niliyapenda, wallahi. Unavuta sigara? Umeshapasuliwa? Unalala vizuri? Nami nikamrudishia: kulala kwangu kunawahusu nini?

"Kila ugonjwa iko na bei yake, mama," akasema. "Mutu wa tansiyo, ile presha, analipa zaidi. Mutu wa sukari, zaidi tena. Wengine wanakataliwa kabisa."

"Yaani anayeihitaji kuliko wote ndiye anayeuziwa ghali?"

"Bon, ni vile."

Nikasonya. Naye akageuza ukurasa. "Baba yako alikufa na ugonjwa gani?"

"Sumu," nikasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sindano.

Kwetu hilo halikuwa na mjadala. Mama yangu mzazi alifariki akinizaa, baba akaoa mwingine, na huyo ndiye aliyenilea. Nilimwita mama mdogo. Nilipokuwa na miaka tisa, baba alikonda akaisha, akafa. Shangazi yangu, dada yake baba, akatangaza kwamba mama mdogo alimtilia kitu kwenye kinywaji. Hata siku ya tatu ya msiba haikufika, akafukuzwa na nguo zake kichwani. Tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani kwetu.

Mama wa asiransi hakushtuka. Katika nchi zetu hizi za ziwa, nani asiye na maiti ya sumu katika ukoo? "Sumu tunaweka kwa ajali," akasema. "Ajali haurithi. Haipandishi bei." Nikafurahi kweli. Kisha akauliza tu, kama mtu wa kupiga soga: "Ilianzaje?"

Nikamwambia. Baba alikuwa akinywa maji jagi baada ya jagi. Alikula kama fundi wa ujenzi na bado suruali zilimvuka. Alikuwa haishi kwenda msalani, na sisimizi walijipanga kule chooni mpaka nikauliza kwa nini wanapenda choo cha baba tu. Shangazi alinipiga kofi kwa swali hilo.

Mama wa asiransi akaweka kalamu chini. "Mi sio daktari," akasema. "Lakini hiyo iko na jina. Ni sukari." Akakunja fomu, akaniambia atapita tena Ijumaa, na kwamba akiandika sukari badala ya sumu, bei yangu itapanda. "We ndiye unajua baba yako," akasema.

Mimi? Nilikuwa sijui chochote! Nilifunga duka saa sita mchana nikaenda kwa shangazi. Hakunikaribisha hata chai. "Siku zake zilifika," akasema, "na aliyezifikisha tunamjua. Unachokonoa nini?" Basi kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Cyanzarwe, ambako nilisikia mama mdogo analima viazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile ya msiba, watu wazima walinisimamisha katikati yao wakaniuliza: kikombe cha mwisho, baba alipewa na nani? Nami nilikuwa mtoto wa kupenda kujibu kama ninavyopenda kuuliza. Nikasema: mama mdogo. Ilikuwa kweli. Alikuwa akimpelekea vikombe kutwa nzima, kwa sababu mtu alikuwa na kiu. Njia nzima ya Cyanzarwe nilijiona mshenzi.

Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye mkeka. Amezeeka, amekuwa mdogo. Akanitazama muda mrefu, kuanzia usoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, na neno lake la kwanza halikuwa karibu.

"Umekonda," akasema. "Unasikia kiu?"

Nilikuja kuuliza, nikaulizwa. Nikasema hapana. Akaendelea kunitazama. Nikasema, kidogo.

"Yoo!" akashika kifua. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na karatasi ya zahanati moja ya Goma, imekuwa rangi ya chai, imekatika kwenye mikunjo.

"Baba yako alipimwa kule ng'ambo," akasema. "Akaniambia: usiambie mutu, hata dada yangu. Aliona haya. Mwanaume wa duka, watu watasema hana nguvu. Nikanyamaza. Alipokufa nikaleta hii karatasi kwa kilio, hakuna mutu alitaka kuisoma. Na mi sijui kusoma. Wakati wa vita nilikimbia nayo, nikarudi nayo. Inasema nini?"

Kifaransa changu ni cha shule, lakini neno lile halihitaji shule. Jina la baba, umri wake, na chini yake ugonjwa wa sukari. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa saa.

"Mimi ndiye niliyesema habari ya kikombe," nikasema.

"Najua. Ulisema kweli."

Angenitukana ningepumua. Nililia pale kwenye mkeka, mtu mzima mimi, na maharage yakamwagika, naye akanigombeza kwa ajili ya maharage.

Ijumaa mama wa asiransi alikuja na kipimo. Akanichoma kidole. Sukari yangu imeanza kunyanyuka, akasema, lakini bado haijavuka mpaka. Nikianza kupunguza chai tamu na mandazi, huenda isivuke. "Donc, yako peke yake haina shida. Tatizo ni ya baba." Nilikuwa nimeiweka ile karatasi mezani. Akaitazama, akaisogeza upande wangu kwa ncha ya kidole. "Hii karatasi ni ya zamani sana, mama. Mi naweza kuwa sijaiona."

Nisiwadanganye, nilifikiri. Nikiandika sumu, mabinti wote wawili wanasoma mpaka mwisho, hata nikianguka kesho. Nikiandika sukari, kwa kile ninachoweza kulipa kila mwezi, watapata nusu. Na nani angejua? Baba yuko kaburini, shangazi angefurahi. Niliukamata mkasi nikauachia, nikaukamata tena. Nikamuuliza, je, nikija kufa kwa sukari hiyohiyo, na wakagundua nilificha?

"Hapo watoto wako hawapewi kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akaongeza polepole, "Lakini ya baba yako, nani atagundua?"

Nikamwambia andika sukari. Nilisema kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa ya nani. Mabinti zangu nimewaambia bei na sababu yake. Mkubwa alinuna siku mbili. Ana haki.

Kilibaki kitu kimoja: karatasi kuukuu namna ile ilihitaji shahidi aliyeishi na marehemu. Jumatatu mama mdogo akashuka kutoka Cyanzarwe, amevaa kitenge chake kizuri, akaketi dukani kwangu, katika mtaa uleule aliotolewa. Majirani wakaanza kupitapita bila kununua kitu. Mama wa asiransi akamsomea: baba wa mwombaji alikufa kwa ugonjwa wa sukari.

"Soma tena."

Akasoma.

"Tena. Na sauti, wasikie na wa nje."

Yule mama mpole akasimama mlangoni akasoma kwa sauti ya mnadani. Barabara yote ikasikia. Kisha akarudi, akafungua kidau cha wino wa kutia dole gumba, kalamu mkononi.

"Na wewe, mama, ni nani kwa marehemu? Niandike nini?"

Mama mdogo akanitazama kwanza mimi. Miaka zaidi ya thelathini kila mtu alikuwa na jina la kumpa. Mimi nikanyamaza, kwa mara moja maishani mwangu, nikamwachia ajibu.

"Andika muke yake," akasema. "Andika vizuri."