Meza Iliyomshika Fundi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa nne asubuhi, sebuleni kwa fundi seremala mlikuwa na watu wawili: fundi mwenyewe na mkewe. Wengine watatu walikuwa njiani kuja kuiona meza.

Kwa miaka ishirini na miwili fundi alikuwa amewatengenezea meza nusu ya watu wa mji, ilhali nyumbani kwake watu walikula chini, maana mganga hajigangi. Kila mkewe alipoulizia, jibu lilikuwa lile lile: "Wiki ijayo." Hatimaye meza ikapatikana, uso wake ubao mmoja mpana, na miguu minne imechomekwa moja kwa moja ubaoni. Lakini kwa kuwa ubao ulirandwa kabla haujakauka sawasawa, siku chache baadaye ulipasuka kuanzia ukingoni hadi katikati.

Fundi hakubabaika. Alichomeka kabari ukingoni ili ufa upanuke, akachanganya gundi na unga wa mbao, akaanza kuisukumia ndani kwa kidole cha shahada. Mkewe, aliyekuwa akiipangusa meza kwa ajili ya wageni, aliona kipande cha mti mahali pasipo pake. Akakigonga kwa kisigino cha kiatu, kikaruka. Ufa ukafumba, kidole kikiwa ndani.

"Mke wangu," alisema fundi kwa sauti ndogo, "rudisha hicho ulichokitoa."

"Kile kichafu?"

"Hicho hicho."

Mkewe aliijaribu kabari kwa mkono, haikuingia. Ikipigwa kwa nyundo, fundi alieleza, ingeingia bila shida, ila ufa ungekimbia hadi ukingo wa pili na meza ingekuwa vipande viwili. Mkewe aliyekuwa ameshaishika nyundo akaiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Hodi ikapigwa. Mama mkwe alitangulia. Fundi, asiyeweza kuinuka, alimwamkia akiwa ameinama hata pua ikakaribia kugusa ubao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenipa heshima yangu," alisema mama, akaketi kwa kuridhika.

Nyuma yake waliingia shemeji, karani mstaafu aliye kaka wa mke, na jirani, mshona nguo. Shemeji aliizunguka meza huku mikono ameifunga nyuma.

"Meza nzuri. Na wewe, shemeji, unauzwa pamoja nayo?"

"Nimebanwa."

"Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Nimeuziba, shemeji. Hiyo ndiyo shida."

Na kweli ulizibika. Fundi aliuchungulia, akashindwa kuficha fahari: hata uzi usingepenya. Kilichomtia baridi ni kwamba gundi ile ilikuwa ikikauka, naye aliijua kazi yake. Muda kidogo tu, na kidole kingehesabiwa kuwa sehemu ya meza.

Mshona nguo alishauri sabuni. Ikapakwa, ikaleta povu tu. Shemeji akashauri msumeno.

"Msumeno hauigusi meza yangu," alisema mke.

"Dada, hicho ni kidole cha mumeo."

"Vidole anavyo vingine. Meza nyingine sina."

Chakula kikaandaliwa, maana mgeni ni mgeni. Mama mkwe aliisifu meza kwamba haitikisiki. Mke alimlisha mumewe kwa kijiko, naye alitafuna, jasho likimtiririka, huku kidole kikigeuka rangi ya biringanya.

"Mkwe wangu leo hali vizuri," alisema mama. "Au mchuzi una chumvi?"

Mke akakiweka kijiko chini.

"Nikiipasua hii, utanitengenezea nyingine?"

"Nitakutengenezea."

"Lini?"

Hata shemeji aliacha kutafuna. Jibu la siku zote lilimfikia fundi kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Sijui, mke wangu. Ubao kama huu sijui nitaupata lini."

Tangu aolewe hakuwahi kupewa jibu kama hilo. Akaishika nyundo, akaielekeza kabari ukingoni, akapiga kwa nguvu zake zote. Ubao ulilia, ufa ukakimbia, na meza ikawa vipande viwili, kila kimoja na miguu yake miwili, vikaanguka huku na huku pamoja na sahani. Kidole kikatoka, kimebonyea lakini kizima. Mama mkwe, aliyewahi kuinyanyua sahani yake, aliendelea kula.

Shemeji akakumbuka kwamba ana shughuli mjini. Mshona nguo akamsindikiza. Walibaki watatu: fundi, mkewe na mama mkwe.