Siku Niliyosema Ni Harusi

Juzi kule mtaa wa Bel-Air niliona watu waliovaa nguo nyeupe wakicheza mbele ya picha ya marehemu. Nikatazama chini.

Kambo, nyanya yangu mzaa mama, alifariki nikiwa mtoto, na kabla ya kufa alikataza kilio msibani kwake. Alitaka tuvae nyeupe, tupike samaki wa Kilwa, ile ya kwetu ziwani, na kucheza. Alasiri ya msiba uani kwetu kulinuka mawese na moshi wa makaa, na mama alicheza mpaka jasho likamtiririka. Sikujua kwamba anatimiza ahadi. Nilidhani anafurahia kifo. Mwenzangu wa shule alipopita na mama yake, nikawaambia kwetu kuna harusi.

Yule mama akaingia akipiga vigelegele. “Bibi arusi iko wapi?”

Muziki ukazimwa. Mama alinitazama, kisha akaonyesha picha ya kambo. “Iko pale. Karibu, mama.”

Nikaangua kilio. Mama akanikumbatia. “Usilie, mutoto wangu. Kambo alisema bantu basilie.”

Halafu yeye mwenyewe, aliyejizuia tangu asubuhi, akalia.

Alidhani namlilia kambo. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilikuwa nalia kwa aibu tu.