Hema Bila Msiba

Trela ya Athmani inajulikana Mbaraki nzima. Ndani yake mna hema, viti vya plastiki na masufuria ya kuingia mbuzi mzima, na ikisimama mlangoni pa mtu majirani hawaulizi kama kuna msiba, wanauliza tu ni nani. Kwa hiyo Ijumaa ile ya Agosti iliposimama mlangoni pa Ndinda, jirani yake Mama Kanze alitoka na leso begani, ameshaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani.

"Hakuna msiba, Mama Kanze," Ndinda akamwambia. "Naenda kupiga kambi na jamaa zangu."

Athmani, aliyekuwa akikaza kamba za trela nyuma ya pikapu yake, akageuka. "Kambi? Na masufuria yote haya, mama, ni ya nini?"

"Ya kupikia."

"Hivi hivi tu? Bila maiti?"

"Bila maiti."

"Alhamdulillahi," akasema Athmani, kwa uso wa mtu asiyesadiki hata kidogo.

Simlaumu. Ndinda alikuwa karani wa mizani ya malori kule gatini kwa miaka mingi, na jamaa zake, waliotapakaa Kitui, Machakos na Nairobi, alikuwa akionana nao kwenye mazishi tu. Walimzika baba, wakamzika mama, na mwaka juzi wakamzika Morris, kitinda mimba wao. Wakabaki wawili, yeye na Barnabas, kaka yake mkubwa, mzee wa miaka sabini na mbili. Walipokuwa wakiagana kaburini pa Morris, Barnabas alimshika mkono akasema, "Haya, tutaonana." Ndinda alirudi Mombasa na maneno hayo yakimzunguka kichwani, maana safari nyingine mmoja wao angekuwa ndani ya jeneza. Akaapa lazima wakutane kabla ya hapo, wote wawili wakiwa wanakula.

Alichagua Voi, njiani kati ya Mombasa na Nairobi, ili asipatikane wa kusema ni mbali. Kyalo, mtoto wa Morris, alipewa kazi ya kuwapigia simu watu wote. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, lakini Ndinda hakujua. Yeye alikaa mbele na Athmani, wakavuka Makupa trela ikigongagonga nyuma yao, na Mariakani wanaume wawili kando ya barabara wakavua kofia kuwapisha. Ndinda akawapungia mkono, akicheka peke yake.

Jumamosi asubuhi hema ilikuwa imesimama kwenye kiwanja cha kukodi nje kidogo ya mji, na watu wakaanza kufika: Kyalo na mkewe, binti zao Ashley na Beryl, binamu wa Machakos na watoto wao. Watoto walikimbia huku na huko mpaka viatu vikapotea. Kila mtu alikuja ila Barnabas, na simu yake ilikuwa imezimwa. Ndinda alikoroga wali huku macho yake yakiwa langoni. Saa nane moyo ulianza kumwambia kwamba amechelewa, kaka yake hayupo tena.

Mara bodaboda ikaingia. Juu yake alikuwa Barnabas, ndani ya suti nyeusi na tai, vumbi hadi kwenye nyusi. Alishuka, akatembea hatua tatu, akamwona dada yake na mwiko mkononi. Akasimama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

Mzee aliketi kwenye kiti cha kwanza alichokipata, akafunika uso kwa leso yake ya mkononi.

"Mimi nilimwambia tu," Kyalo akajitetea, "kwamba ukoo wote unakutana Voi kwa ajili ya shangazi Ndinda, na trela ya hema imeshatoka Mombasa. Akakata simu." Katika ukoo ule, nani angeuliza zaidi? Barnabas alimtukana Kyalo kwa Kikamba, kirefu na kwa ufasaha, mpaka watu wakashika mbavu.

Leso ilikuwa imetoka mfukoni pamoja na karatasi, na karatasi ikaanguka chini. Ashley akaiokota. "Babu, hii ni nini?"

"Ni hotuba ya mazishi. Lete hapa niichane."

"Isome," akasema Ndinda.

"Haisomewi mtu anayepika."

"Isome, kaka. Siku yangu ikifika sitasikia hata neno moja."

Mzee akavaa miwani. "Mwaka wa tisini na tatu nilifutwa kazi," akasoma, "nikaja Mombasa na mkoba mmoja. Ndinda alikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Alinipa kitanda, yeye akalala mkekani nyuma ya pazia miezi kumi na minne. Aliniambia daktari amemkataza godoro kwa sababu ya mgongo. Mimi mkubwa wake niliona aibu, nikajifanya nimesadiki. Mgongo wake haukuwa na lolote. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Akapeleka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hapa niliandika Mungu amlaze mahali pema," akasema. "Hiyo naifuta." Akakunja karatasi, akamtazama usoni. "Asante, dada yangu. Nimechelewa miaka thelathini."

Ndinda akalia kwa sauti mbele ya wote, kwa furaha na shukrani, wali ukiungua, na hakuna hata mmoja aliyempa pole.