Kopo Lililoachwa Liliwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikombe cha mahindi yaliyobunguliwa, nikaambiwa nihesabu fukusi walio hai. Hiyo ilikuwa shuleni kwetu Jinja, upande wa Walukuba. Nilijiunga na klabu ya sayansi kwa sababu klabu ya mdahalo inataka mtu aseme. Fukusi hawataki. Ila wana ujanja wa kujifanya wafu: ukiwagusa wanakunja miguu, ukishawaandika marehemu wanaondoka zao. Ninyi mnaoingia kidato cha kwanza, msiwaamini.

Mkuu wetu, Mwalimu wa Biolojia, alitafuta dawa ya ghala isiyonunuliwa dukani. Tulitia mahindi na fukusi katika makopo manne. La kwanza tukaliwekea majivu, la pili majani makavu ya kalitusi, la tatu pilipili ya kusaga. La nne halikutiwa dawa. Hilo huitwa kontroli. Kazi yake ni kuonyesha fukusi wakiachwa huru wanafanya nini.

"Bila kontroli," Mwalimu alisema, "sisi ni wapishi tu."

Mpishi wa shule hakuwa ameambiwa. Aliona kopo moja halina uchafu, akapepeta, akachemsha na maharage. Mwalimu aliongeza sahani kabla hajajua anakula nini. Tukajaza kontroli nyingine.

Baba ni askari jela. Alipohamishiwa Mbale, mimi na makopo tulihama naye, nikawa naripoti kwa Mwalimu kwa simu. Katika nyumba za askari kuna ukaguzi, na Baba hukagua hata sufuria. Alikuta kopo moja wadudu wanatembea, akalianika juani mpaka wakakimbia wote.

"Kuruta," aliniambia, "moja lilikosa nidhamu. Nimelishughulikia."

Nikasema asante, Afande. Kisha nikaenda kulia chooni.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Busiu, nje ya Mbale, kwa Shangazi, dada yake Baba, ambako hakuna ukaguzi. Mwaka uliopita fukusi walimlia ghala zima. Alikuwa ameapa kwamba dawa isipopatikana kabla ya mavuno, atauza mahindi yote yakiwa shambani, halafu anunue unga sokoni kama watu wa mjini. Kwake hiyo ni aibu kubwa kuliko njaa. Kwa hiyo nilipanga makopo upya, nikaomba Mungu.

Siku chache baadaye nikafungua kontroli. Ilinuka majivu.

"Hilo ulilisahau," Shangazi alisema. "Nikalionea huruma."

Mimi kwa kawaida hujibu wakubwa kwa kuinamisha kichwa. Siku hiyo kichwa kilikataa.

"Shangazi, hilo liachwe."

"Liachwe lifanye nini?"

"Liliwe."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta malaria usoni mwangu. "Baba yako analipa sekondari ili uje ufuge wadudu kwa mahindi yangu?"

"Lisipoliwa, hatutajua kama dawa imewazuia au hawakuwa na njaa. Utaweka ghala zima kwa kubahatisha."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumtolea mtu mzima, na niliitoa nikiangalia vidole vya miguu yake. Shangazi alilimwaga lile kopo. Halafu akachota mahindi mengine, mazuri kabisa, akanipa. "Liweke mahali nisipoliona."

Mwisho wa muhula tulifungua yote. Kalitusi, ambayo Mwalimu aliipenda, ilikuwa imewanenepesha. Majivu yalisaidia kidogo. Kwenye pilipili walikufa kweli. Niliwasubiri mpaka nikachoka, hakuna aliyeondoka. Na kontroli ilikuwa vumbi linalotembea. Nilicheka, nikaruka. Nadhani Busiu nzima ni mimi tu niliyewahi kushangilia mahindi yaliyobunguliwa. Shangazi alikuwa anapiga chafya za pilipili, lakini hakutaja tena kuuza.

Sasa nimestaafu, maana watahiniwa hawaruhusiwi klabu. Nina miaka kumi na saba na macho yanayowasha hadi leo. Ushauri wangu ni mmoja: saga pilipili upepo ukiwa mgongoni. Na usimchukie anayekuharibia kazi kwa huruma.

Juzi nilikwenda Busiu. Mavuno yamo ghalani, magunia yote yana pilipili. Kwenye kona kuna kopo moja la mahindi lisilo na dawa. Sikuliweka mimi. Jirani alikuja kuazima ungo, akaliona, akachota majivu jikoni alisaidie. Shangazi akamshika mkono.

"Liache hilo," alisema. "Liko kazini."