Niliutangazia Mji Kwamba Mama Sahra Hana Chakula

Kosa ni langu, na sitaisingizia simu wala mtandao. Mimi ndiye niliyewaambia watu wote wa Eldoret kwamba hoteli ya Mama Sahra haina chakula.

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara tovuti. Mama Sahra alihamisha hoteli yake hadi mtaa wa pili baada ya jengo la zamani kubomolewa. Wateja wake wengi ni madereva wa malori ya mahindi, na aliogopa watampoteza.

"Wakinitafuta kwa simu wanione," aliniambia. "Na usisahau ile maneno yangu ya ukuta."

Maneno hayo tunayajua sote: Hapa hakuna chakula cha jana.

Basi nikaandika kichwa cha ukurasa, ule mstari wa kwanza unaotokea mtu akitafuta: "Hoteli ya Mama Sahra, Eldoret Mjini: Hapa Hakuna Chakula cha Jana." Nilivyojisifu! Chini yake huwekwa maelezo mafupi ya kumvuta mteja. Hayo sikuandika. Nilisema nitaandika kesho.

Sikujua? Nilijua! Kichwa kikiwa kirefu, hukatwa. Ukiacha maelezo, mtandao hujiokotea maneno yoyote ukurasani. Nimewafundisha wenzangu hayo, tena kwa sauti ya juu. Lakini sikushika hata simu yangu nikatazama.

Siku ya kufungua, Mama Sahra alipika sufuria mbili kubwa za pilau. Saa saba mchana, tulikuwa wawili mle ndani: yeye na mimi. Saa nane akaingia dereva mmoja wa Moi's Bridge, mteja wake wa zamani, na mkebe wa githeri kwapani.

"Mama, pole sana. Nimepitia kukusalimia tu. Tulisikia huna chakula, kila mtu amejibebea."

"Nani amesema sina chakula?"

"Si ni wewe mwenyewe!" Akamwonyesha simu.

Nilichungulia. Jamani! Juu: "Hoteli ya Mama Sahra, Eldoret Mjini: Hapa Hakuna Chakula..." Chini, maneno yaliyookotwa ukurasani: "Jengo letu limebomolewa. Asanteni wateja wetu kwa miaka hiyo yote."

"Mimi nilidhani nakuja matanga," dereva akasema.

Mama Sahra hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alinitazama, akatazama sufuria, kisha akasema polepole, "Mwandishi, kesho hii itakuwa chakula ya lini?"



Nilirekebisha palepale: "Pilau Moto Eldoret: Hoteli ya Mama Sahra." Lakini mtandao haukuwa na haraka. Kwa siku nne nilisimama mlangoni katika baridi yetu hii, nikiyapungia malori mkono na kupaza sauti, "Chakula kipo! Chakula kipo!" Madereva walirudi, mmoja mmoja, wakicheka. Hadi leo jina langu kwao ni Hakuna Chakula. Wananiita hivyo nikiwa nimevaa tai, nikiwa na wateja wangu!

Wewe unayefanya kazi hii, weka neno la maana mwanzoni. Andika maelezo leo. Kisha jitafute kwa simu yako mwenyewe kabla mwenye njaa hajakutafuta.

Maneno ya Mama Sahra bado yako ukutani, na ni ya kweli kwa kila mteja. Siku ya pili tu alivunja sharti lake, kwa sahani moja ya pilau aliyoniwekea mimi. Nilimaliza yote, naye amesimama hapo akinitazama.