Jerioth na Orodha ya Bweni

Jerioth ni nesi, na ukitaka kumjua mwangalie akipanga dawa za wagonjwa: anahesabu, anahesabu tena, kisha anamwita mtu mwingine ahesabu. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Stafford, Texas, na sijawahi kumwona akikosea kidonge. Kwa hiyo nikisimulia kosa lake hili moja, sitaki mtu amcheke. Nikicheka mimi, hilo ni langu na yeye.

Binti yake Fiona, wa miaka kumi na tano, alipata nafasi na ufadhili katika shule ya bweni ya wasichana, shule kongwe iliyo katika mji mdogo kupita Fort Worth. Julai ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kumkaribisha na karatasi ngumu ya rangi ya chai ya maziwa, iliyoandikwa juu kwa herufi za madaha: Kanuni, Mavazi na Karo.

Jerioth aliniita tuisome pamoja. Kila msichana aje na magauni mawili ya kitambaa cha kaliko, meusi au ya kijivu, yasiyo na lesi. Aproni tatu. Mwavuli. Kijiko, uma na kitambaa cha mezani. Shuka nne, kila moja iandikwe jina. Vito marufuku. Nywele za bandia marufuku. Barua zote zitapitia kwa mwalimu mkuu. Karo dola mia moja na arobaini kwa mwaka, pamoja na kufuliwa nguo. Kuni na taa zitalipiwa kando. Chini kabisa kulikuwa na mwaka, 1887.

Mmarekani yeyote angecheka na kuibandika kwenye friji. Lakini sisi tuliosoma bweni Kenya tunaijua karatasi hiyo. Toa kaliko, weka sweta ya bluu, na hiyo ni barua yangu ya kidato cha kwanza. Mwaka tuliuona, tukadhani ni wa kuanzishwa kwa shule, kama unavyoandikwa kwenye nembo kwetu. Zile dola tukasema ni salio ambalo ufadhili haukugusa. Na kuni?

“Huko juu kuna baridi Januari,” Jerioth alisema. “Hiyo ni heating.”

Fiona alikuwa ameegemea mlango. “Mom, hiyo ni ya zamani. List yenyewe iko kwa portal. Wanasema tu-bring fridge ndogo na fan.”

“Fridge kwa dorm? Shiru, umesikia? Anataka kwenda na fridge, simu na hizo braids. Shule ya maana haiwezi kutuma orodha kwa simu.”

Nilisikia, nikacheka.

Lazima niseme Jerioth anaogopa nini. Mwaka wa tisini na tano aliitwa shule ya wasichana ambayo hakuna mtoto wa kijiji chao aliyewahi kuitwa. Alifika getini na baba yake, amevaa viatu vya kahawia. Orodha ilisema vyeusi. Wakarudishwa. Baba alihangaika siku kumi kupata vingine, na waliporudi kitanda chake kilikuwa na mtu. Akasomea shule ya kutwa. Mpaka leo huliota geti hilo. Mwanamke huyu akishika orodha hasomi kwa macho, anasoma kwa tumbo.

Agosti yote hakula vizuri. Tulizunguka maduka ya vitambaa Houston mpaka kaliko nyeusi ikapatikana, tukampelekea Badria, fundi wa Kizanzibari anayeshona nyumbani kwake. Badria alipima, akaguna.

“Dada, mwanao anakwenda skuli au anaingia eda?”

Mimi nilicheka, Jerioth hakucheka. Fiona alimsogezea mama yake simu, mara ya pili sasa, aione ile orodha nyingine. Jerioth aliisukuma pembeni na kuuliza kama pindo linaweza kushuka zaidi.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya safari, ikawa zamu ya nywele. Karatasi ilikataza nywele za bandia tu. Lakini sisi tunajua shule inachotaka, na Jerioth hakutaka mtu apate sababu yoyote. Alifumua zile braids, akaleta mashine ya kunyolea. Fiona alikuwa analia kwenye kiti cha jikoni.

“Sidanganyi, Mom. Please. I’m not lying.”

Jerioth aliiwasha mashine. Na mimi, niliyekuwa nimeanza kuona shaka, nilishika taulo. Semeni mnalotaka juu yangu, nilishika taulo.

Jumapili niliwaendesha. Njiani, mji wa Ennis, tulisimama kutia mafuta, na Jerioth akafungua sanduku kwenye maegesho akahesabu aproni. Zilikuwa tatu. Akahesabu tena. Fiona alikaa kiti cha nyuma, ndani ya gauni jeusi, akitazama nje.

Tulipofika, niliona wasichana wenye kaptura, mmoja ana nywele za kijani, na akina baba wamebeba friji ndogo. Fiona alishuka garini na watu wakageuka.

Mama mmoja wa shule kwenye meza ya usajili alipiga makofi kwa furaha. “Jamani, amevaa kama wasichana wetu wa kwanza! Umependeza!”

Jerioth alimpa bahasha. “Hizi ni mia moja na arobaini,” alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. “Na za kuni ziko humo pia.”

Yule mama alitazama bahasha, akatazama kichwa cha Fiona, na tabasamu likafifia polepole. Alieleza kwa upole kwamba karatasi ile ni kumbukumbu tu, nakala ya orodha ya mwaka huo wa 1887. Huwatumia wazazi wote. Wengi huiweka kwenye fremu.

Jerioth alianza kusema bila kupumua. Twende mjini sasa hivi, tununue wigi, tununue jeans, au turudi nyumbani, tuje kesho, hapana, kesho kitanda kitachukuliwa, Shiru, lete gari. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

“Mom,” Fiona alisema. “Nilikuambia mara tatu.”

“Nilijua unataka tu—”

“Ulifikiri nadanganya.”

Jerioth akasema, “Nisamehe, mwanangu.”

“I know ulikuwa unaogopa. Lakini ni wewe waliyekufukuza. Si mimi.” Fiona alichukua sanduku lake. “Sasa enda.”

“Wacha nikutandikie kitanda kwanza. Dakika mbili tu. Shuka zina—”

“Mom. Nimesema enda.”

Nilimwona Jerioth akinyoosha mkono kuelekea sanduku, akausimamisha. Alimtazama mtoto wake, kichwa kitupu na gauni la eda, amesimama wima mbele ya wote wale.

“Haya,” akasema. “Nimesikia.” Akageuka, akatembea mpaka garini.