Bwawa Nililolipulizia Salfa

Mkipita sokoni Ruangwa mkasikia mtu anaitwa "Mjomba Njano", halafu mkamwona mzee mmoja anageuka kwa uso wa mtu asiyetaka kugeuka, huyo ni mimi, na njano hiyo wala haihusiani na timu ya mpira, mpira mimi sishabikii. Jina hilo nililipata asubuhi moja mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa bukta na macho nimeyafumba, na kwa kuwa kila mtu huku ana namna yake ya kuisimulia siku ile (kuna mmoja anasema nililia, si kweli, ni macho tu yaliyokuwa yanatoa machozi), nimeona bora niwasimulie mwenyewe, aibu ni yangu na nitaibeba mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, na nina majivuno, sikatai. Nyumba yangu nimeijenga msimu kwa msimu mpaka ikaezekwa bati la rangi, na mtu akipita bila kuitazama huwa nakohoa ili ageuke. Lakini jivuno langu kubwa si nyumba, ni Zuhura, mtoto wa dada yangu. Sisi Wamwera mtoto wa dada yako ni wako, baba yake yupo na tunamheshimu, akija anachinjiwa kuku, ila siku ya kuozwa anayeulizwa ni mjomba. Na Zuhura nimemlea mwenyewe tangu darasa la kwanza, maana kwao Malolo shule ilikuwa mbali na nyumba ya dada, akasoma hapa kwangu mpaka akawa mwalimu. Siku alipopata ajira nilizunguka soko zima nikinunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, ili watu waniulize habari za nyumbani nipate pa kuanzia.

Sasa huyu Zuhura akapata mchumba wa Nachingwea, kijana mzuri, sina neno naye, na kabla posa haijaja akaniambia kitu kimoja tu, akasema, "Mjomba, mimi sitaki ukumbi. Nataka nitoke nyumbani hapa hapa." Nikamwambia hilo limekwisha. Nilimaanisha.

Wakwe wakaja. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, Mzee Chilumba, mtu mnene, mpole wa sauti, kanzu yake imepigwa pasi hadi unaogopa kukaa karibu nayo. Tukaelewana mambo yote vizuri, chai ikanywewa, mihogo ikaliwa, tukafika kwenye sherehe. "Mkwe," akasema, "sisi tungeomba sherehe iwe Nachingwea, kuna ukumbi. Maana hapa, samahani lakini, watu mtawaweka wapi?"

Jamani, ile "mtawaweka wapi" iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwona Zuhura kwenye upenyo wa pazia ameinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kuwa tutafunga turubai uwani, tutaazima viti, mambo yaishe. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, "Watu watakaa bustanini, mkwe. Kando ya bwawa la kuogelea."

Mke wangu, Mama Rashidi, alikuwa anamimina chai, akaimimina nje ya kikombe. Maana nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mikorosho minne aliyoipanda marehemu mama, banda la mbuzi, na matofali yaliyobaki. Bwawa hakuna, bustani hakuna.

Mzee Chilumba akaweka kikombe chini. "Bwawa? Haya. Tutakuja kuliona mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza. Tukiridhika, sherehe iwe kwako. Tusiporidhika, ni Nachingwea, na hatutalizungumza tena."

Walipoondoka Mama Rashidi akaenda kufuta chai iliyomwagika. Kesho yake nikaanza kutafuta fundi, nikaelekezwa kwa kijana mmoja anaitwa Hamidu, ila mwenyewe anataka aitwe Injinia. Akaja na simu yenye picha za mabwawa ya Dar, maji ya buluu, nyasi kama zulia, akawa anapitisha picha kwa kidole na kusema, "Hii kazi nimepiga mimi, bosi. Hii mimi. Hii pia mimi." (Ile ya tatu nyuma yake kulikuwa na mlima wenye theluji juu, na mimi bado nikampa kazi.) Akataka mikorosho ya mama ikatwe kwa sababu majani yangeanguka majini, hapo nikakataa kabisa, nikamwambia bwawa ndilo lizoee.

Wiki mbili za mwanzo alifanya kazi, lazima niseme ukweli. Shimo likachimbwa, zege likamwagwa, marumaru za buluu zikapangwa sakafuni na kuta tatu. Akapanda nyasi kwa siku moja, asubuhi vumbi, jioni kijani, nikasimama mlangoni nikiangalia nikajiona mtu tofauti. Boza likaleta maji mara nyingi hadi dereva akaniuliza kama nafuga samaki. Ukuta wa nne ukabaki zege tupu, na pampu ya kusafishia maji haikuwepo, na dawa ya maji haikuwepo. "Navifuata, bosi," akasema Injinia, akapanda gari akaondoka.

Nikampigia siku ya tatu. "Bosi wangu, usikonde, nipo Nanganga hapa, nasubiri usafiri." Sawa, Nanganga ni njia panda, lazima mtu apite pale akija kwetu. Siku ya tano, yupo Nanganga. Siku ya nane, yupo Nanganga. Kutoka Nanganga kuja Ruangwa hata mwenye baiskeli mbovu angekuwa amefika, ameoga, ameoa. Na kila siku maji yalizidi kuwa kijani, mpaka Alhamisi ile kabla ya wakwe yakawa mazito kama mlenda, chura wanaimba humo wala hawanijali.

Sasa nifuateni hapa taratibu, maana hapa ndipo nilipojiharibia, na wakulima wenzangu mtanielewa kabla hamjanicheka. Ilikuwa Julai, mwezi wa kupulizia mikorosho, na stoo nilikuwa na mifuko ya salfa, ule unga wa njano. Salfa inaua ubwiri. Ubwiri ni nini? Ni ukungu wa majani. Na kile kijani cha bwawani ni nini? Nikajijibu mwenyewe kuwa nacho ni ukungu, ila umeamua kuogelea. Miaka yote hii salfa haijawahi kuniangusha, kwa nini iniangushe leo?

"Baba Rashidi," mke wangu akasema aliponiona Jumamosi alfajiri nimejifunga kitambaa usoni na mashine ya kupulizia mgongoni, "hiyo dawa si ya maji."

"Dawa ni dawa," nikamwambia.

"Mikorosho unaijua. Bwawa hulijui."

Nikawasha mashine ili nisimsikie. Nikapuliza mfuko mzima, na nusu ya wa pili.

Kitu ambacho sikujua (na miaka thelathini nimekuwa nikiishika salfa!) ni kwamba ule unga haukubali maji. Haukuyeyuka, haukuzama, ulikaa juu umetandika bwawa lote blanketi la njano. Nikachukua reki nikakoroga, nikakoroga tena, wakwe wanakuja saa nne na mimi nakoroga, na mwisho nusu ikagandamana kwenye kuta na nusu ikajichanganya na kile kijani, rangi ikawa... siwezi hata kuitaja. Mimi nilijiambia ni dhahabu.

Wakafika kwa wakati, watu saba, Mzee Chilumba mbele na kanzu yake. Nikawapokea kwa maneno mengi. Nyasi wakazisifu. Tulipofika bwawani Mzee Chilumba akainama polepole, akanusa, akainuka.

"Mkwe. Mbona pananuka kama shambani kwangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hao watu saba wote, kuanzia yeye mpaka mama wa kijana, wamezaliwa chini ya mikorosho. Ningeweza kumdanganya mtu wa mjini. Hawa salfa wanaijua kabla hawajaijua sukari.

"Hiyo ndiyo rangi ya kisasa," nikasema.

"Na harufu?"

"Ya kisasa."

"Kwa hiyo mtu anaoga humu?"

Nikamwona Zuhura kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona kitu chake kinachukuliwa. Nikasema, "Kwa nini asioge? Mimi naoga humu kila asubuhi." Nikavua shati, nikavua msuli (bukta ilikuwepo ndani, namshukuru Mungu mpaka leo), nikashika ngazi, mbele ya wakwe zangu, mtu mzima, nikaingia.

Ngazi ya kwanza salama. Ya pili ilikuwa na utelezi wa chura wote wa Julai. Nilikwenda chini mzima mzima, maji baridi ya kukata roho, na nilipoibuka sikuona kitu, macho yanawaka moto, masikio yamejaa, na nikasikia mama wa kijana anasema kwa upole, "Masikini, amekuwa wa njano." Nikatoka napapasa, natafuta ndoo ya maji safi, nikashika kitu nikakivuta, nikafikiri ni taulo la Mama Rashidi, kumbe ni kanzu ya Mzee Chilumba. Nilijifuta nayo uso, na kichwa.

Halafu nikakanyaga bustani, na nyasi zikaja na miguu yangu. Kumbe Injinia hakupanda chochote, alibandua nyasi za bondeni akazitandika juu ya mchanga na kuzimwagia maji, zikanyanyuka vipande vipande zikinifuata, na mbuzi wangu, ambao walikuwa wanazitamani wiki nzima, wakaruka banda wakaja kula bustani mbele ya wageni. Hakuna aliyewafukuza. Watu walikuwa wameshikilia mbavu.

Nilipopata kufungua jicho moja nikamwona Mzee Chilumba amesimama na alama za mikono yangu kwenye kanzu, mbili za njano, tumboni. Hakucheka. Nikasema moyoni, basi, Zuhura, nimekuangusha.

"Mkwe," akasema, "fundi wako ni nani?"

"Anaitwa Hamidu."

"Injinia Hamidu? Wa 'nipo Nanganga hapa, nasubiri usafiri'?"

Nikamtazama kwa lile jicho moja. Akajikalia kwenye matofali, kanzu na yote, akasema taratibu kwamba mbele ya nyumba yake kule Nachingwea kuna shimo aliloliacha Hamidu huyo huyo, huu mwezi wa tatu sasa, mke wake analianikia nguo pembeni, na ndiyo maana alitaka sherehe iwe ukumbini, kwani nyumbani kwake hapapitiki. Halafu ndiyo akaanza kucheka, na mtu yule akicheka anatikisika wote, tukacheka mpaka nikakaa naye palepale nikiwa nimelowa, wajomba wawili, mmoja wa njano mzima na mwingine wa njano nusu.

Katikati ya kicheko Zuhura akaja na ndoo ya maji. Akaninawisha macho mwenyewe, polepole, kama nilivyokuwa nikimnawisha yeye akitoka kuokota korosho. Kisha akawageukia wakwe, akapiga goti kwa heshima, akasema, "Samahanini wazee wangu. Bwawa halipo, na bustani mbuzi wameimaliza. Lakini mjomba wangu ameingia kwenye salfa kwa ajili yangu. Mimi naomba nitoke hapa."

Mzee Chilumba akajifuta machozi. "Nani atakukatalia, mama? Ni hapa."

Mimi nikasema macho bado yanawasha.

Jumatatu yake tukaingia mimi na mkwe kwenye pikapu yake mpaka Nanganga, na mtaniamini msiniamini, Injinia alikuwepo. Kweli alikuwa Nanganga! Alikuwa shimoni, jembe mkononi, anamchimbia mtu wa tatu bwawa la samaki. Akatutazama toka chini akasema, "Wazee wangu, mimi sikuwadanganya. Si niliwaambia nipo Nanganga?" Tukampakia nyuma ya pikapu, akaja kusugua bwawa langu kwa brashi siku nne, Mama Rashidi amekaa kwenye kiti ukingoni, na kila akiomba kupumzika anaambiwa, "Usikonde, pumziko lipo Nanganga, linasubiri usafiri." Pampu haikuja mpaka leo.

Zuhura alitoka nyumbani mwezi wa kumi na moja, mabibo yameiva, mikorosho ya mama imefungwa taa. Na bwawa? Lilikuwa kavu, na mtu mmoja akaanza kushuka humo akicheza, akafuatwa na wa pili, kabla ya adhuhuri ngoma yote ilikuwa chini kwenye marumaru za buluu, na wageni wamezunguka juu wanaona vizuri kuliko ukumbi wowote. Ngoma ilivuma humo hadi watu wa Nachingwea wakaulizana nani kawajengea hawa kiwanja kama hiki. Nilisikia. Nikakohoa ili waniulize.

Nimeapa, na Mama Rashidi ni shahidi, kwamba sitasema tena "kwangu kuna" kabla hakijakuwepo. Mzee Chilumba hakuapa, ila shimo lake amelifukia.

Kuna kitu kimoja hakikutoka. Ule ukuta wa nne, wa zege, salfa iliingia ndani yake ikabaki, mstari wa njano unaopita usawa wa kifua changu, na Injinia alipotaka kuupaka rangi nilimkataza. Kwenye picha ya sherehe Zuhura amesimama mbele ya ukuta huo, hina mkononi, anacheka. Mtu akija kwangu nampeleka kwanza pale, kabla ya nyumba, namwonyesha ule mstari, namwambia hapa ndipo mjomba wa Zuhura alipoingia kwa ajili yake.